Bati la Bashay si Bati la Makunduchi

Chukua mabati mawili yaliyotoka kiwanda kimoja, siku moja, kwa mashine moja. Moja lisafirishwe kwa lori mpaka Bashay, katika nyanda za juu za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. La pili livushwe bahari mpaka Makunduchi, kusini mwa Unguja. Yote mawili yana rangi moja ya fedha, yana bei moja, na hati zake za ununuzi zimeandikwa maneno yale yale. Lakini la Bashay laweza kumkuta mtoto akianza darasa la kwanza na kumwona akioa, hali la Makunduchi limekwisha kutoboka kabla mtoto wa umri ule ule hajajua kusoma vizuri. Ndugu zetu wa Visiwani wanalijua jambo hili kwa uchungu, kwani wao ndio wanaoweka sufuria chini ya matundu mvua za masika zinaponyesha. Tunachotaka kukieleza leo ni kwa nini huwa hivyo, na kwa nini wanaoandika zabuni za Serikali wanapaswa kulitia jambo hili katika hesabu zao.

Tumeichagua Bashay kwa makusudi. Ni mahali palipo mbali na bahari kwa zaidi ya kilomita 300, juu milimani, penye hewa baridi na kiangazi kirefu. Tena udongo mwekundu wa sehemu nyingi za nyanda zile unatupa somo la kwanza kabla hatujafungua kitabu: wekundu ule ni chuma. Si chuma kama kile cha jembe au cha msumari, bali ni chuma kilichoshikamana na oksijeni, yaani ndugu wa kutu tunayoikwangua kwenye mapipa. Mtu alimaye huko analima katika kutu, akishika mkononi jembe ambalo nalo lilikuwa udongo wa namna hiyo hapo zamani, na ambalo likiachwa shambani litaanza safari ya kurudi huko huko.

Kutu si ugonjwa ulioletwa na mtu, wala si laana ya pwani. Kutu ndiyo hali ya asili ya chuma. Ardhini chuma huonekana kwa nadra sana kikiwa peke yake. Karibu daima hukutwa kimefungwa pamoja na oksijeni katika mawe na udongo. Ili kukitenga, binadamu hulazimika kutumia moto mwingi. Wahaya wa Kagera walikuwa wakifanya kazi hiyo zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, katika matanuru ya udongo yaliyopulizwa kwa mivukuto. Wafipa wa Rukwa walijenga matanuru yao marefu yaitwayo malungu, ambayo baadhi yake yamesimama hata leo. Wapare walikuwa na ukoo wao wa wahunzi, Washana. Wote hawa walikuwa na siri moja: makaa. Makaa yakiwaka katika hewa haba hutoa gesi inayoipokonya oksijeni kutoka kwenye mawe yenye chuma, na chuma hubaki peke yake. Viwanda vikubwa vya leo huko China, Uhindi na Ulaya havikuvumbua siri nyingine kwa sehemu kubwa ya kazi yao; vimeongeza ukubwa tu. Tani moja ya chuma cha pua kitokacho katika tanuru la namna hiyo hula nishati ya takriban gigajuli 20.

Nishati hiyo huenda wapi? Sehemu hupotea angani pamoja na moshi. Lakini sehemu nyingine hukaa ndani ya chuma chenyewe, kama fedha iliyokopwa ikawekwa sandukuni. Chuma kilichotengwa na oksijeni ni chuma chenye deni, na siku kitakapokutana tena na oksijeni na maji, kitalilipa deni lile kwa kutoa joto.

Hesabu yake inajulikana barabara. Kilo moja ya chuma ikigeuka yote kuwa oksidi hutoa joto la kilojuli 7,400 hivi. Joto hilo lingetosha kuchemsha ndoo ya maji ya lita 20, tena lingebaki kidogo la kuchemshia chai. Ni sawa na joto la robo kilo ya makaa mazuri. Msomaji atauliza: ikiwa ndivyo, mbona sijapata kuona bati lenye kutu likiwa la moto? Jibu ni kwamba robo kilo ya makaa huungua kwa muda mfupi, na kilo ya chuma huchukua miaka. Joto ni lile lile, ila hutoka kidogo kidogo mno na kupeperushwa na upepo. Bati linalopata kutu ni bati linaloungua polepole.

Wenzetu wa nchi za baridi wamelifanya jambo hili kuwa biashara. Katika Japani na Ulaya huuzwa vifuko vidogo vya kutia mfukoni wakati wa baridi kali. Ndani yake mna unga laini wa chuma, maji kidogo, vumbi la makaa, na chumvi. Mtu akifungua kifuko na hewa ikaingia, unga ule huanza kupata kutu kwa haraka na kutoa joto kwa saa nyingi. Tunaomba msomaji wa Visiwani asilipite neno moja katika orodha ile. Wale mafundi wanatia chumvi kwa makusudi, kwa sababu wanataka kutu ije upesi. Sisi tulioko ufukweni tunatiliwa chumvi ile ile juu ya mapaa yetu na upepo wa kusi na wa kaskazi, usiku na mchana, pasipo kuiomba.

Mabadiliko ya nishati ya namna hii si mageni kwa watu wa pwani. Pengine wanayajua kuliko watu wa bara. Mchoma chokaa wa Unguja au Pemba hupanga magogo, akapandisha juu yake mawe ya matumbawe, akatia moto. Moto ule hauunguzi mawe kama kuni ziunguavyo. Mawe hunywa joto, na kila kilo moja ya jiwe safi la chokaa huhitaji kilojuli zipatazo 1,780 ili iachane na hewa ya ukaa iliyofungwa ndani yake. Ndiyo sababu tanuru la chokaa hula magogo mengi kiasi kile. Baada ya hapo fundi huizima chokaa kwa maji, na kila aliyepata kusimama karibu anajua jinsi maji yale yanavyochemka na kurusha mvuke bila ya moto wowote chini yake. Ni sehemu ya joto la magogo inayorudi. Kisha chokaa hupakwa ukutani, na kwa miezi na miaka huivuta tena hewa ya ukaa kutoka angani, hata ikawa jiwe kama mwanzo. Kuta za Mji Mkongwe zimesimama kwa njia hiyo. Kwa chokaa, safari ya kurudi asili ni faida yetu. Kwa chuma, safari hiyo hiyo ni hasara.

Hata hivyo ukubwa wa deni hauamui upesi wa kulilipa, na hapa wengi hukosea. Aluminiamu inadaiwa nishati kubwa zaidi kuliko chuma. Ikishikamana na oksijeni hutoa joto mara mbili ya lile la oksidi ya chuma kwa idadi ile ile ya chembe. Kwa mujibu wa hesabu ya nishati peke yake, sufuria ya aluminiamu ingepaswa kuoza jikoni kabla ya jembe. Lakini haiozi hivyo, kwa sababu aluminiamu ikiguswa na hewa hujivika mara moja ngozi nyembamba ya oksidi, ngumu na isiyopitisha hewa, na mambo husimama hapo. Kutu ya chuma haina adabu hiyo. Ni nyepesi, ina matundu, inanyonya maji kama sifongo, tena huvimba na kubanduka, ikaacha chuma kipya kiliwe. Kwa hiyo nishati hutuambia kwamba jambo litatokea, bali mahali na ngozi ya kitu hutuambia litatokea lini.

Basi turudi kwenye mahali. Ili chuma kipate kutu, hapana budi pawepo na maji na oksijeni pamoja. Tone moja la maji likikaa juu ya bati hugeuka kuwa betri ndogo isiyo na ganda. Mwanakemia Ulick Evans wa Chuo Kikuu cha Cambridge alilionyesha jambo hili kwa tone la maji ya chumvi juu ya chuma safi: katikati ya tone, ambako oksijeni ni haba, chuma huyeyuka na kuacha elektroni zake, elektroni hupita ndani ya chuma mpaka ukingoni mwa tone, ambako oksijeni ni nyingi, nayo huzipokea. Umeme mdogo unapita, na mzunguko wake unakamilishwa na maji. Maji matupu ya mvua hupitisha umeme huo kwa shida. Maji yenye chumvi huupitisha kwa wepesi mkubwa. Chumvi, basi, haili chuma kwa meno yake, inafungua njia.

Tena chumvi ina tabia nyingine mbaya zaidi. Huvuta maji kutoka hewani. Unyevu wa hewa ukifika asilimia 75 hivi, chumvi ya kawaida hujiyeyusha yenyewe, kama kila mama mwenye kibakuli cha chumvi jikoni pwani anavyojua. Chumvi za magnesiamu, ambazo nazo zimo katika maji ya bahari, huanza kunywa unyevu hata hewa ikiwa kavu kuliko hapo. Kwa hiyo bati la Makunduchi, Nungwi, Wete au Micheweni huweza kuwa na utando wa maji ya chumvi juu yake usiku wote bila ya tone la mvua kuanguka. Bati la Bashay hulowa mvua inaponyesha na umande unapotua, kisha jua la mlimani likachomoza, likakauka, na betri zote zikazimika. Huko siku za kiangazi hupita nyingi ambazo kutu haina la kufanya.

Hatusemi kwamba Bashay hakuna kutu. Ipo, ila imechagua mahali pake. Utaiona kwenye misumari na nyaya za mazizi, kwani mikojo ya ng'ombe ina chumvi na amonia. Utaiona kwenye majembe yaliyoachwa na tope, na kwenye vyombo vilivyowekewa mbolea ya chumvi chumvi visioshwe. Wazee wa Kiiraqw waliishi zamani katika nyumba zilizochimbwa ubavuni mwa kilima na kuezekwa kwa udongo, na paa la namna hiyo halikudaiwa na mtu yeyote. Majirani zao Wadatoga wanao wahunzi wao ambao mpaka leo huchukua misumari na vyuma chakavu, wakavifua kuwa vichwa vya mishale na visu. Wahunzi hawa wana busara ya kiuchumi ambayo haitajwi sana: chuma chakavu kimekwisha kulipiwa nishati ya kutengwa na udongo, na kukiyeyusha upya, hata katika viwanda vikubwa, hutumia nishati chini ya nusu ya ile ya kuanzia kwenye mawe.

Watu walipata kinga ya kutu kabla ya kuielewa vizuri. Bati la migongo lilipewa hataza huko London mwaka 1829 na mhandisi Henry Robinson Palmer. Migongo ile iliupa utepe mwembamba wa chuma nguvu ya kubeba paa. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akapata hataza ya kukichovya chuma katika zinki iliyoyeyuka. Kabla yao, mwaka 1824, Mwingereza Humphry Davy alikuwa amependekeza kuzilinda shaba zilizofunika matumbo ya meli za vita kwa kuzigusisha vipande vya zinki au chuma. Dawa yake ilifanya kazi vizuri mno: shaba haikuliwa, lakini kwa kuwa haikuyeyusha tena sumu yake, viumbe vya bahari vilijigandisha kwa furaha kwenye matumbo ya meli na kuzifanya nzito. Nahodha wa Kiswahili aliyekuwa akipaka deheni na sifa chombo chake angeweza kumwonya. Na mafundi wa mtepe, wa Lamu na visiwa vya Wabajuni, walilikwepa tatizo zima kwa kushona mbao za chombo kwa kamba za makumbi, bila ya msumari hata mmoja.

Zinki hulinda kwa njia mbili. Kwanza hukifunika chuma. Pili, na hili ndilo la ajabu, hujitoa mhanga. Zinki hutoa elektroni zake kwa wepesi kuliko chuma; kwa hiyo bati likikwaruzwa na chuma kikaonekana, ni zinki iliyo kando ambayo huyeyuka, na chuma hubaki salama kwa muda. Ndiyo sababu vyombo vya abiria vinavyokwenda baina ya Unguja, Pemba na Dar es Salaam hufungiwa vipande vya zinki chini ya maji, navyo huliwa mpaka vikabadilishwa. Lakini juu ya paa hakuna anayebadilisha. Zinki iliyopakwa kiwandani ndiyo akiba yote, nayo ikiisha, imekwisha.

Je, akiba hiyo ni kiasi gani? Hapa tunaomba viongozi wanaohusika na ujenzi watusikilize kwa makini. Shirika la viwango la kimataifa limeyagawa mazingira ya dunia katika madaraja kwa kadiri yanavyokula madini, kwa kupima upotevu wa mwaka wa kwanza. Mahali pa mashambani penye hewa safi na kavu, mbali na bahari na viwanda, zinki hupotea kati ya sehemu 0.1 na 0.7 za maikromita kwa mwaka, na maikromita ni sehemu moja katika elfu ya milimita. Mahali penye chumvi nyingi, kama ufukwe wa nchi za joto, upotevu hupanda mpaka baina ya maikromita 4.2 na 8.4, na palipo pabaya zaidi hupita hapo. Sasa tuchukue bati lenye gramu 100 za zinki kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili zikihesabiwa pamoja. Zinki hiyo ina unene wa maikromita 7 tu kila upande. Tukisema Bashay inapoteza nusu maikromita kwa mwaka, bati litakuwa na kinga kwa miaka 14. Tukisema ufukweni Makunduchi linapoteza maikromita 5, kinga itakwisha kabla ya mwaka mmoja na nusu. Hata bati la gramu 275, ambalo huhesabiwa kuwa bora, litafika miaka 38 juu mlimani, na ufukweni miaka 4 hivi. Kinga ikiisha, kinachobaki ni chuma chembamba ambacho katika bati la geji 32 hakizidi sana robo ya milimita, nacho ufukweni hupoteza maikromita 80 mpaka 200 kwa mwaka.

Ni dhahiri basi kwamba hati ya zabuni inayosema "mabati ya geji 30" na kukaa kimya haijasema chochote juu ya kutu. Geji hueleza unene wa bati, tena kwa namna inayowapotosha wengi, kwani kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Haielezi zinki. Mkandarasi anayeleta mabati ya geji iliyotakiwa, yenye zinki kidogo kabisa, hakuvunja mkataba. Aliyeuandika ndiye aliyeacha mlango wazi. Skuli ikiezekwa kwa bati hilo Bashay, kosa halitaonekana kwa muda mrefu. Skuli ikiezekwa kwa bati hilo Jambiani, watoto watasoma chini ya matundu, na fedha zile zile za wananchi zitatakiwa mara ya pili kwa kazi ile ile. Tanzania ina Shirika la Viwango tangu mwaka 1975, na Zanzibar inayo Taasisi yake ya Viwango iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Viwango vya mabati si siri. Kinachotakiwa ni afisa wa wilaya kuuliza swali moja zaidi kabla ya kutia sahihi: hili bati lina gramu ngapi, na jengo liko mita ngapi kutoka majini?

Kwa majengo yaliyo mkabala na bahari, maoni yetu ni kwamba bati la zinki tupu lisitumike kabisa kwa fedha za umma. Yapo mabati yaliyopakwa mchanganyiko wa aluminiamu asilimia 55 na zinki, ambao hustahimili chumvi kwa muda mrefu zaidi, na yakiongezwa rangi ya kiwandani huwa bora tena. Yapo ya aluminiamu yenyewe. Bei yake ni kubwa, hilo hatukatai. Lakini bei ya paa ni bei ya bati ikigawanywa kwa miaka, wala si bei iliyoandikwa dukani. Na yako makuti, ambayo hayajui kutu na ambayo hatuyadharau, ila moto na panya wameyaondoa katika majengo ya Serikali.

Kuna jambo moja juu ya mapaa ambalo hata mafundi wazuri hulisahau. Mvua, ambayo twaidhania kuwa adui, huiosha chumvi. Sehemu ya bati iliyo wazi kwa mvua mara nyingi hudumu kuliko ile iliyo chini ya upenu, ambako chumvi hutua na haioshwi kamwe. Anayekagua paa la pwani kwa kutazama kutoka juu hajakagua. Apite chini ya upenu, atazame mahali mabati yanapolaliana, na kichwa cha kila msumari. Akiona misumari ya shaba imepigwa kwenye bati la chuma, au bomba la shaba limegusana na la chuma, ajue kwamba chuma kimepewa jirani mbaya: vikilowa pamoja, shaba hubaki na chuma huliwa mara dufu.

Paa lililotoboka huonekana. Hatari kubwa zaidi ni ya chuma kisichoonekana, nacho ni nondo zilizomo ndani ya zege. Saruji ikichanganywa na maji hutoa mazingira ya magadi makali, na ndani yake nondo hujivika ngozi nyembamba inayoilinda. Zege lililo zuri na nene ni blanketi la nondo. Maadui wake ni wawili. Wa kwanza ni ile hewa ya ukaa tuliyoisema kwenye chokaa: huingia katika zege pole pole, huondoa ukali wa magadi, na ngozi ya nondo ikadhoofika. Jambo lile lile lililoimarisha kuta za Mji Mkongwe hudhoofisha nguzo za zege, kwa kuwa kuta zile hazikuwa na nondo. Zilikuwa na boriti za mikoko. Adui wa pili ni chumvi, naye ni mkali kuliko wa kwanza, maana hutoboa ngozi ile hata magadi yakiwepo.

Chumvi huingia kwa upepo kutoka nje, lakini mara nyingine tunaiingiza wenyewe: kwa mchanga wa ufukweni usiooshwa na kwa maji ya kisima cha chumvi chumvi. Tunajua kwamba mchanga ni haba Visiwani, na kwamba Serikali imelazimika kusimamia uchimbaji wake. Hata hivyo mchanga wa baharini katika zege lenye nondo ni akiba ya kubomoka iliyowekwa siku ya kwanza. Nondo ikianza kupata kutu huvimba, kwani kutu huchukua nafasi mara mbili mpaka sita ya chuma kilichozaa, na zege haliwezi kunyooka. Linapasuka. Wahenga waliposema habari ya ufa na ukuta hawakuwa wakifikiria nondo, lakini ufa wa zege ni mbaya kuliko wa udongo, maana huo ndio mlango ambao chumvi nyingine itaingilia.

Nguzo ikionyesha alama za rangi ya udongo mwekundu, kama ule wa Bashay, na ufa ulionyooka kufuata nondo, kuipaka chokaa juu ni kuficha ushahidi. Zege lililolegea hubomolewa mpaka nyuma ya nondo, chuma husafishwa, kilicholiwa sana hubadilishwa, na zege jipya lisilo na chumvi hurudishwa kwa unene wa kutosha. Kazi hiyo huhitaji fungu la matengenezo, na fungu la matengenezo ndilo hukatwa kwanza bajeti inapobana. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash na lililostahimili hata mizinga ya Waingereza ya mwaka 1896, iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Sehemu nyingine ilikwisha kuanguka mwaka 2012. Kama jumba mashuhuri kuliko yote ya mji ule liliweza kufika hapo, msomaji na afikiri juu ya kituo cha afya cha shamba ambacho hakuna mgeni anayekipiga picha.

Mwaka 2016 jumuiya ya kimataifa ya wahandisi wa kutu ilikadiria kwamba uharibifu huu huigharimu dunia dola trilioni 2.5 za Kimarekani kwa mwaka, sawa na asilimia 3.4 ya pato lote la dunia, na kwamba sehemu kubwa ingeweza kuepukwa kwa maarifa ambayo tayari yapo.

Maarifa hayo hayahitaji maabara ya Ulaya. Shehena ya mabati ikifika bandarini Malindi au Mkoani, afisa anaweza kukata kipande cha sentimita 10 kwa 10 na kukipeleka katika skuli ya sekondari yenye mizani nzuri na mwalimu wa kemia. Kipande hupimwa uzito, kisha mwalimu hukitumbukiza katika asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa, madirisha yakiwa wazi na moto ukiwa mbali, kwani hewa itokayo ni hidrojeni. Zinki huyeyuka kwa mapovu mengi, na gilasi hupata joto mkononi. Ni deni la zinki linalolipwa mbele ya macho ya wanafunzi kwa dakika chache badala ya miaka. Mapovu yakipungua ghafla, zinki imekwisha. Kipande huoshwa upesi, hukaushwa, na kupimwa tena. Tofauti ya gramu 1 ni gramu 100 kwa mita ya mraba, na tofauti ya gramu 2 na robo tatu ni gramu 275. Namba hiyo iandikwe katika hati ya kupokelea mizigo, karibu na sahihi ya aliyeyapokea mabati.